Taa ya Breki Haizibwi kwa Karatasi



Magari yanayotuchukua alfajiri kwenda viwandani na mashambani, hapa Mbarara na kule kwenye barabara za vumbi za Endiinzi na Nakivale, siku hizi mengi yana kompyuta ndani. Taa ya breki inapowaka, msimamizi humwambia dereva: "Ni sensa tu, endesha." Wengine huiziba taa kwa karatasi, safari ikaendelea. Sisi tunasema desturi hiyo ikome.

Kwanza tukielewe chombo chenyewe. Busta ni lile duara la bati lililo kati ya pedali na pampu kubwa ya breki. Hutumia mvuto wa hewa wa injini, na kwenye dizeli nyingi mvuto wa pampu maalumu, kuuongezea nguvu mguu wa dereva. Ikifa, breki hazipotei kabisa, lakini pedali huwa ngumu kama jiwe, na gari lililojaa watu halisimami pale dereva alipotaka.

Sensa hupima mvuto huo na kuiarifu kompyuta. Mashine ya fundi ikionyesha namba kati ya P0555 na P0559, maana yake habari za sensa ya busta zina kasoro. Haisemi kwamba sensa imekufa. Huenda waya umekatika, plagi imeingia maji, au bomba la hewa limepasuka.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Mguu ukiwa bado juu yake, washa injini. Pedali ikishuka kidogo, busta inasaidia. Fundi sasa apime waya, plagi na sensa. Isiposhuka, huenda kasoro imo katika busta, bomba au valvu yake. Kwa vyovyote, taa ikiwa ingali inawaka, gari lisibebe watu.

Gharama hiyo ni ya mwenye gari. Tumemwona dereva akikatwa mshahara kwa ajili ya sensa mpya, na taa ikaendelea kuwaka, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa kwenye bomba. Tunadai kila gari liwe na daftari la kasoro na matengenezo, na neno "sensa" lisiandikwe humo bila kipimo.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe mfanyakazi anayejitoa kazini kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha yake yamo hatarini. Tangu mwaka 2022 umo miongoni mwa mikataba ya msingi ya Shirika hilo.

Basi dereva anayekataa kuteremka kilima na taa inawaka si mvivu wala mkorofi. Analinda roho zetu. Tusimzomee kwa kutuchelewesha. Tushuke naye, sote pamoja.