Simbilisi si mnyama wa kuanzia

Mzazi ambaye mtoto wake analilia mbwa hupewa ushauri uleule: mnunulie simbilisi. Hang'ati, habweki, anakaa kwenye boksi, anakula mabaki ya mboga, na mtoto atajifunza kutunza. Ukiondoa hilo la kung'ata, ambalo kweli hulifanya kwa nadra, ushauri huo unaumiza wanyama wengi kuliko ukatili wa makusudi.

Watetezi wa ushauri huo hukimbilia Njombe, Iringa na Mbeya. Bibi zetu, wanasema, walifuga simbilisi jikoni bila daktari wala kitabu. Ni kweli, ila wanasahau jinsi walivyofugwa. Walikuwa kundi zima, wakikimbia kwenye sakafu ya jiko, na watoto waliwaletea majani mabichi kila siku. Hali ya hewa ilikuwa ya baridi, inayowafaa wanyama ambao asili yao ni milima ya Andes. Tena walifugwa kwa ajili ya kitoweo. Hakuna aliyetarajia wazeeke. Ukimtoa simbilisi mmoja katika maisha hayo ukamfungia kwenye boksi la viatu huko Sinza, Dar es Salaam, usimsingizie bibi.

Tuanze na chakula. Mwili wa simbilisi, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Akilishwa pumba na chakula cha kuku, baada ya wiki chache hupata kiseyeye: manyoya yanasimama ovyo, viungo vinavimba, anachutama pembeni na kulia akishikwa. Mtoto hudhani amekuwa mpole. Kipande cha pilipili hoho kila siku kingemkinga. Meno yake nayo hayaachi kukua, na kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi au hei kutwa nzima. Na wanaosema kwamba maji ya mboga yanamtosha wamwekee chupa ya maji safi, waone jinsi itakavyopungua.

Kisha kuna hili la "mmoja anatosha". Simbilisi ni mnyama wa kundi, na Uswisi imekataza kisheria tangu 2008 kumfuga peke yake. Sungura si mwenzake, kwani teke lake linaweza kumvunja mbavu, na anaweza kumwambukiza vijidudu vya mapafu. Lakini anayenunua wawili bila kukagua jinsia anajitafutia balaa. Jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa wiki nne tu, huibeba kwa takriban miezi miwili, na saa chache baada ya kuzaa huweza kushika nyingine.

Joto ni adui mwingine. Simbilisi hatoi jasho, na joto likizidi nyuzi 27 huanza kuwa hatarini. Januari ya Dar es Salaam hupita nyuzi 30, na kizimba kilichowekwa kwenye baraza linalopigwa na jua la mchana kinaweza kumuua kabla watoto hawajarudi kutoka shuleni.

Akiugua, mambo ni magumu zaidi. Amoksilini, dawa inayopatikana karibu kila nyumba, humuua: huangamiza bakteria wema wa tumboni na kuwaachia wenye sumu nafasi. Mzazi anayemgawia kidonge cha mtoto kwa huruma humaliza kazi ambayo ugonjwa uliianza. Tena simbilisi huficha maradhi. Asipokula kwa siku moja tu, ni dharura.

Nani atafanya yote haya? Simbilisi akitunzwa vizuri huishi miaka mitano hadi minane. Mtoto anayemlilia akiwa darasa la tatu anaweza kufika kidato cha tatu mnyama bado yupo, na muda wote huo anayekata majani, kubadilisha maranda na kumtafuta daktari wa mifugo ni mtu mzima. Mzazi aliye tayari kwa kazi hiyo anunue majike wawili, atafute banda pana na daktari kabla ya kuwaleta nyumbani. Asiye tayari amnunulie mtoto mpira.