Kabla ya kumtuma, muulize kama anajua kuogelea



Wengi wetu tupo hapa tulipo kwa sababu kuna mtu aliyetuambia, "Nenda." Alikuwa mwalimu, mchungaji, mjomba, au mama mmoja wa kanisani aliyetuona tangu tukiwa wadogo. Neno la mtu tunayemheshimu lina nguvu ya ajabu. Likitamkwa, kijana hufunga mizigo yake bila kuuliza njia ikoje. Kwa hiyo Jumapili hii tumtafakari mwalimu mmoja aliyekuwa na neno hilo mdomoni, akalitumia vibaya.

Mwalimu huyo hakuwahi kuishi. Ni mhusika katika riwaya ya Erich Maria Remarque iliyotoka kama kitabu huko Ujerumani mwaka 1929, ambayo wasomaji wa Kiingereza wanaijua kwa jina la All Quiet on the Western Front. Remarque alijua alichokiandika, kwani alikuwa askari wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na alijeruhiwa mwaka 1917. Katika riwaya hiyo mwalimu anaitwa Kantorek.

Kantorek anafundisha vijana wa miaka kumi na minane, kumi na tisa. Vita inapopamba moto anawahutubia darasani juu ya nchi yao na wajibu wao. Anahutubia na kuhutubia, hadi siku moja darasa zima linaongozana naye kwenda kujiandikisha jeshini.

Mmoja tu alisita. Aliitwa Joseph Behm, kijana mnene kidogo na mpole. Hakutaka kwenda. Paul Bäumer, anayesimulia kisa hicho, anakiri kwamba huenda na wengine waliwaza kama Behm, ila hakuna aliyethubutu kujitenga, maana siku zile hata wazazi walikuwa wepesi kumwita mtoto wao mwoga. Basi Behm naye akaenda.

Akawa miongoni mwa wa kwanza kufa. Alipigwa jichoni wakati wa shambulio, wenzake wakamwacha wakidhani amekwisha kufa. Baadaye wakamsikia akilia huko nje. Alikuwa amezimia tu. Wakamwona anatambaa, haoni, amechanganyikiwa kwa maumivu, hajui hata pa kujificha. Akapigwa risasi kabla yeyote hajamfikia.

Katika sura za baadaye Kantorek mwenyewe anaitwa jeshini, na anakuta msimamizi wake ni mmoja wa wanafunzi wake wa zamani. Mwanafunzi yule anamkumbusha jambo moja: Behm alikufa miezi mitatu kabla ya siku ambayo angeitwa jeshini kwa utaratibu wa kawaida. Miezi mitatu! Pengine angekufa hata hivyo. Lakini miezi ile mitatu ilikuwa mali yake, na mwalimu ndiye aliyemnyang'anya.

Msomaji atasema hayo ni mambo ya Wazungu na vita yao. Lakini vita ile ile ilifika kwetu. Ukienda sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, unakanyaga kumbukumbu yake, kwa kuwa jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Nairobi nako wana Kariokor yao. Watu wetu walibebeshwa mizigo ya vita ambayo hawakuianzisha, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Wao hawakushawishiwa kwa hotuba kama Behm, wengi walichukuliwa kwa nguvu. Hata hivyo aliyewatuma hakuwa yeye anayebeba mzigo.

Turudi kwa mwalimu wetu. Ingekuwa rahisi kumwita Kantorek mtu mbaya tukamalizana naye. Kitabu hakisemi hivyo. Paul anasema walikuwepo maelfu ya akina Kantorek, na kila mmoja aliamini kwamba anatenda jema. Hapo ndipo kisa hiki kinapotugusa sisi watu wa kanisa. Mwalimu huyu hakukosa imani na kile alichokisema. Kosa lake lilikuwa la uamuzi: aliwatuma vijana mahali ambapo yeye hakuwahi kufika, akapima utayari wao kwa kelele za darasa zima, na alipomwona mmoja anaogopa akadhani dawa ya woga ni aibu.

Neno la Mungu limekuwa na hekima juu ya jambo hili tangu zamani. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 20, kabla Israeli hawajaingia vitani, maofisa wanaagizwa wawatangazie watu. Aliyejenga nyumba mpya na hajaizindua, arudi nyumbani. Aliyepanda shamba la mizabibu na hajala matunda yake, arudi. Aliyeposa na hajaoa, arudi. Kisha katika mstari wa 8 wanaulizwa waliobaki: yupo anayeogopa na moyo wake umelegea? Naye arudi nyumbani. Hachapwi viboko wala hachekwi. Anapewa ruhusa mbele ya watu wote.

Gideoni alifanya hivyo hivyo katika Waamuzi sura ya 7. Aliwaruhusu wenye hofu waondoke, wakaondoka 22,000, wakabaki 10,000. Hebu fikiria moyo wa kamanda anayetazama migongo ya watu 22,000 wakienda zao. Na Bwana hakukasirika, bali alisema hata hao waliobaki bado ni wengi mno. Kwa sheria ya Musa, Joseph Behm angerudi kwa mama yake siku ile ile.

Nayasema haya nikiwa na deni langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa katibu wa vijana katika usharika mmoja. Tulikuwa na moto wa injili, na mimi nilikuwa na moto kuliko wote. Tukaamua kutuma vijana wawili wakasaidie kazi katika mtaa mpya, mbali na barabara ya lami. Wote wawili walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza kidato cha nne. Usiku wa kuamkia safari mmoja wao alinifuata nje ya kanisa akaniambia, "Kaka, mimi naogopa. Sijui kama nitaweza." Nikamjibu bila hata kufikiri. Nikamtolea 2 Timotheo 1:7, kwamba Mungu hakutupa roho ya woga. Nikamwombea, nikampiga bega, nikaenda kulala.

Ilikuwa masika. Kati ya pale walipofikia na kijiji walichotakiwa kwenda kuhubiri kulikuwa na mto. Wenyeji waliwashauri wasubiri maji yapungue. Lakini wao walikuwa wametumwa, na hawakutaka kuonekana waoga. Yule aliyeniambia anaogopa akachukuliwa na maji. Wachungaji wa ng'ombe ndio waliomtoa, ameng'ang'ania tawi huko chini. Alirudi nyumbani na homa, na tangu siku ile hakusimama tena mbele ya kanisa.

Nilikwenda kwao kumwona. Mama yake alinikaribisha, nikamwamkia, akaniitikia, akaniletea chai. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kabla ya kumtuma ulimuuliza kama anajua kuogelea?"

Sikuwa nimemuuliza. Kibaya zaidi, sikujua kama huko kuna mto, maana sikuwahi kufika. Nilikuwa nimechukua andiko ambalo Paulo alimwandikia kijana aliyemlea kwa miaka mingi na kusafiri naye, nikalitumia kumnyamazisha kijana niliyemjua kwa miezi minne.

Sasa mtazame Yesu anavyotuma. Wale Kumi na Wawili kwanza aliwaita wawe pamoja naye, wakala naye, wakamwona akifanya kazi, ndipo akawatuma (Marko 3:14). Aliwatuma wawili wawili. Hakuwaficha hatari: aliwaambia waziwazi kwamba wanakwenda kama kondoo katikati ya mbwa-mwitu, akawaeleza cha kufanya wakikataliwa. Waliporudi aliwasikiliza, akaona wamechoka, akawaita wakapumzike mahali pasipo na watu (Marko 6:30-31). Hata baada ya ufufuo, walipokuwa na habari njema kuliko zote, aliwaagiza wakae kwanza mjini hata wavikwe uwezo kutoka juu (Luka 24:49). Bwana hakuona haya kumwambia mtu wake, "Subiri kwanza."

Na bustanini askari walipokuja, alijitokeza mbele akawaambia kama wanamtafuta yeye, wawaache hawa waende zao (Yohana 18:8). Kantorek aliwatanguliza wanafunzi wake kifoni, naye akabaki. Yesu alitangulia mwenyewe ili wanafunzi wake wabaki.

Najua kuna atakayesema, "Tukisubiri kila mtu awe tayari, hakuna atakayetumwa. Yeremia alisema yeye ni mtoto, Musa akasema hajui kusema, na Mungu akawatuma hivyo hivyo." Ni kweli, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hakuna anayekomaa kwa kukaa chini ya kitanda cha mama yake. Lakini soma vizuri. Mungu hakumwaibisha Yeremia kwa hofu yake. Alimwambia asiogope, kwa kuwa yeye mwenyewe atakuwa pamoja naye amwokoe (Yeremia 1:8). Musa naye alipewa Haruni wa kusema kwa niaba yake. Mungu anapomtuma mtu asiye tayari, huenda pamoja naye. Wewe na mimi hatuwezi kumpa mtu ahadi hiyo kisha tukarudi kulala. Kama hatuendi naye, tuwe angalau tumemwandaa, na awepo wa kumpokea huko aendako.

Jambo hili haliko kanisani tu. Kuna binti anayepelekwa Uarabuni kufanya kazi za ndani, na aliyemshawishi ni shangazi yake anayemwamini, lakini shangazi hajausoma mkataba wala hajui namba ya ubalozi wetu kule. Kuna kijana anayekabidhiwa bodaboda ya mkataba kabla hajapata leseni, na marejesho yanaanza wiki hiyo hiyo. Kuna mwalimu mpya anayepelekwa peke yake shule ya mbali, bila mkubwa wa kumwonyesha kazi. Wote hao wameambiwa, "Nenda, Mungu yupo." Mungu yupo, ndiyo. Swali ni kama sisi tupo.

Kwa hiyo wewe mwenye neno la kutuma, mzazi, mchungaji, mwalimu, kiongozi wa vijana, jiulize maswali ya nyumbani tu. Huko ninakomtuma nimewahi kufika? Nimemweleza ubaya wake kama nilivyomweleza uzuri wake? Akiniambia anaogopa, nitamsikiliza au nitamtafutia andiko la kumfunga mdomo? Akitaka kurudi, mlango uko wazi? Likimpata la kumpata, ni nani atakayekwenda kwa mama yake? Katika riwaya ile, rafiki yao mmoja anapofia hospitali ya jeshi, anayekwenda kukaa mbele ya mama yake na kujibu maswali ni Paul, kijana mwenzake. Mwalimu hayupo.

Nawe kijana, ukisema "Bado sijawa tayari" hujamkana Bwana. Yohana Marko aliwaacha akina Paulo katikati ya safari akarudi Yerusalemu (Matendo 13:13). Paulo alikasirika, akakataa kumchukua tena, lakini Barnaba akamchukua, akamlea. Mwishoni Paulo mwenyewe aliandika aletwe kwake, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Aliyerudi nyumbani ana nafasi ya kwenda tena. Behm hakuipata nafasi hiyo.

Mwaka jana nilimtafuta yule kijana wa mtoni. Sasa ni mtu mzima, fundi seremala. Alinipa kigoda nikakaa katikati ya maranda. Nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo akisugua ubao, kisha akasema, "Kaka, mto ni mto tu. Kilichoniuma ni kwamba nilikuambia."

Usiku wa mwisho kabla ya mateso, Yesu aliwauliza wanafunzi wake kama walipungukiwa na kitu alipowatuma bila mfuko wala mkoba wala viatu. Wakajibu kwamba hawakupungukiwa na kitu (Luka 22:35). Naomba Mungu atupe neema ya kutuma kiasi kwamba siku moja tuweze kuwauliza wale tuliowatuma swali hilo hilo, tukiwa tumewatazama machoni, bila kuogopa jibu lao.