Neno "Ghafla" na Vifo vya Kiharusi

Kila tunapozika mtu aliyekufa kwa damu kuvuja ubongoni, msemaji wa familia husimama na kutamka neno lile lile: ghafla. Alikuwa mzima, akalalamikia kichwa, akatapika, akaanguka. Waombolezaji hutikisa vichwa, na mjadala huishia hapo. Wengine huongeza upepo mbaya au mkono wa jirani. Nadai kwamba, kwa vifo vingi vya namna hii, neno hilo si sahihi, na kwamba linawanufaisha wenye dhamana kuliko wafiwa.

Kiharusi kina aina mbili. Katika ya kwanza mshipa wa damu huziba. Katika ya pili hupasuka, na damu hujikusanya ndani ya fuvu lisilotanuka, ikaukandamiza ubongo. Sababu kuu ya kupasuka huko ni shinikizo la juu la damu lililoachwa miaka bila tiba. Zipo sababu nyingine, kama ajali za kichwa na vivimbe vya mishipa vinavyopasuka bila onyo. Lakini shinikizo hupimwa kwa dakika chache, na dawa zake za msingi si za bei ya kutisha. Jambo linaloweza kupimwa miaka kumi kabla halistahili kuitwa la ghafla.

Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, alikufa kwa ugonjwa huu tarehe 12 Aprili 1945. Daktari wake mkuu alieleza kwamba kifo kile hakikutarajiwa. Ilhali mwaka mmoja kabla, vipimo vilionyesha shinikizo la 186 kwa 108. Zama zile tiba ya maana haikuwapo, hivyo madaktari wa Roosevelt wana utetezi. Sisi tuna utetezi gani leo, wakati vidonge vipo?

Serikali yetu imesimika mashine za CT-Scan katika hospitali za rufaa za mikoa, na inastahili pongezi. Bila picha hiyo daktari hawezi kuwa na hakika kama mshipa umeziba au umepasuka, na kosa hapo ni la hatari: aspirini humfaa wa kwanza, humdhuru wa pili. Lakini mashine iko mwisho wa safari. Mwanzoni kuna zahanati ambayo kipimo chake cha presha kimeharibika, dawa zimekwisha, na ndugu wanachangishana mafuta ya gari la wagonjwa. Tunazindua mwisho wa safari kwa utepe na hotuba, huku mwanzo wake ukibaki yatima.

Nitajibiwa kwamba nchi ni maskini, na kwamba wananchi wapunguze chumvi na pombe. Wapunguze, ndiyo. Ila mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Umaskini wetu walikuwa wanaujua. Mwaka 2023 tumetunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tena, umaskini ni hoja ya kutanguliza lililo rahisi: kumpima kila mtu mzima anayeingia zahanati, hata aliyemleta mtoto kliniki, na kuhakikisha dawa hazikatiki.

Wakati tukidai hayo, tujue la kufanya. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, usemi ukivurugika, au kichwa kikiuma kuliko ilivyowahi kutokea, hiyo ni dharura. Angalia saa, ukumbuke dalili zilianza lini. Usimpe mgonjwa chakula, maji wala aspirini. Akipoteza fahamu lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Mpeleke hospitali, na uulize mapema ni ipi yenye CT-Scan. Huko shinikizo litashushwa kwa uangalizi, na wapo watakaohitaji upasuaji. Kila saa inayopotea kwa mganga wa kienyeji au duka la dawa ni sehemu ya ubongo.

Na katika msiba ujao, mtu akisema "ghafla", tuulize kwa staha: marehemu alipimwa presha lini mara ya mwisho, na alipewa dawa kwa muda gani? Kisha swali hilo hilo tulipeleke kwa diwani, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na kwa mbunge kabla bajeti haijapitishwa.