Mashauri kwa Msafiri wa Bara Apandaye Meli

Wasomaji wetu wa Igunga, Nzega na Tabora wamezidi miaka hii kusafiri kwa njia ya maji. Huyu amemwoza binti yake Unguja, yule ana biashara ya mchele Bukoba, na mwingine ana ndugu Kigoma na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Nasi watu wa mbuga ya Wembere, maji tuyajuayo ni ya mafuriko wakati wa mvua, na yale ya Ziwa Viktoria ambayo siku hizi yatufikia kwa mabomba. Basi mtu wetu hupanda meli vile vile apandavyo basi la Singida, akaketi na kulala. Mwezi huu twapenda kuwaeleza akina baba na akina mama wa nyumba zetu mambo ambayo yafaa kujulikana kabla ya kukanyaga ngazi ya chombo.

La kwanza ni tikti. Itwae katika ofisi ya wenye meli au kwa wakala wao ajulikanaye, wala usimpe fedha kijana akukimbiliaye bandarini akisema kuwa nafasi zimekwisha ila kwake. Kisha litazame jina lako. Katika vyombo vya Dar es Salaam na Unguja utatakiwa kuonyesha kitambulisho, na watu wetu wengi huona hilo ni usumbufu. Hutaja jina lo lote, au husafiri kwa tikti ya jirani aliyeghairi safari. Jambo hili twalikataza kwa nguvu zetu zote. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikiwa karibu kufika Mwanza. Ilipimwa kuchukua abiria 430, lakini daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina, na hata leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa kukisia, mamia kwa mamia. Wengi walizikwa pamoja Igoma. Fikirini sasa hali ya nyumba ambayo baba yao alipanda pasina jina lake kuandikwa. Mkewe hajui aanze eda lini. Warithi hawawezi kugawa hata ng'ombe mmoja mpaka mahakama ihukumu kuwa mtu huyu amekufa. Na hakimu atauliza, ni nani aliyemwona akipanda? Basi jina litajwe kamili, kama lilivyo katika kitambulisho, na mtoto apakatwaye naye atajwe, japokuwa halipiwi nauli. Na kabla ya kuondoka, wapigie simu watu wa nyumbani uwaambie jina la chombo na saa yake. Simu hiyo haizidi dakika moja.

La pili ndilo zito kuliko yote, nalo ni shehena. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi ambayo ni siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka kwenda kisiwa cha Ukara huko Ukerewe. Kilikuwa cha watu 101. Kilipinduka karibu kabisa na gati, watu wa pwani wakitazama. Wakafa watu 228, wakaokoka 41. Ndiyo kusema waliokuwamo walizidi kipimo zaidi ya mara mbili, mbali na magunia. Na miaka saba kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama baharini upande wa Nungwi ikielekea Pemba. Tume iliyochunguza ikakuta kuwa ilichukua watu zaidi ya 2,000, na kibali chake kilikuwa cha mamia tu.

Watu wengi husema, mambo hayo ni ya serikali na nahodha. Ni kweli: Bara kuna TASAC, na Zanzibar kuna mamlaka yao ya usafiri wa baharini, na kazi yao ni kukagua. Lakini mkaguzi hayumo katika kila gati la kila kijiji, nawe umo. Babu zetu waliochukua mizigo kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo walijua kuwa mzigo wa mpagazi ni kiasi cha frasila mbili. Akizidishiwa aliutua chini, na bwana msafara akabembeleza. Basi mjukuu wa mpagazi ashindweje kutambua chombo kilichozidishiwa? Dalili zake zaonekana: watu wamesimama katika njia na ngazi, mizigo imerundikwa juu ya sitaha ya juu, chombo kimelala upande mmoja nacho kingali kimefungwa gatini. Ukiyaona haya, shuka. Twajua ugumu wake. Umetoka Igunga alfajiri, umelala njiani, harusi ni kesho, nauli hairudishwi, na wenzako watacheka. Nasi twasema, shuka, wala usimwonee haya mtu. Harusi itaozwa na walii mwingine kwa wakala wako, na simu ya kumwakilisha yatosha.

Ukiisha kuingia na kuweka mzigo wako, usiketi kwanza. Tembea utafute mambo matatu: milango ya kutokea, maboya ya kuvaa yalipo, na mahali pa kukusanyika pakitokea hatari. Kama una watoto, mwulize baharia maboya ya watoto, kwa kuwa boya la mtu mzima humchopoka mtoto akaachwa majini. Wakionyesha namna ya kulivaa, tazama. Usifanye kama wale wanaojua kila kitu. Mwezi Januari 2012 meli kubwa ya anasa, Costa Concordia, iligonga mwamba pwani ya Italia, wakafa watu 32; na mamia ya abiria waliopanda jioni ile walikuwa hawajafanyishwa mazoezi ya kujiokoa. Baada ya hapo sheria ya mataifa ikabadilishwa, na tangu mwaka 2015 meli za namna hiyo hufanyisha abiria mazoezi kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada yake. Alama ya hatari katika meli kubwa ni honi fupi saba na moja ndefu. Wafundisheni watoto, hukariri upesi kuliko sisi. Ukiisikia, vaa boya, acha mzigo, toka chumbani uende mahali pa kukusanyika.

Ama kichefuchefu, hakina aibu. Hata mabaharia huwapata. Bahari ya Unguja huchafuka zaidi wakati wa kusi, hasa Juni mpaka Agosti. MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, na bahari siku hiyo ilikuwa kali. Mwenye nafasi ya kuchagua na asafiri asubuhi, tena wakati wa kaskazi. Kula kidogo, usipande na tumbo tupu wala lililoshiba pilau. Keti katikati ya chombo, si mbele. Tazama nje mbali pale mbingu na maji yakutanapo, usisome wala usitazame simu. Tangawizi huwasaidia wengi. Vidonge vya kuzuia kutapika humezwa kabla ya kuondoka, yapata nusu saa au saa nzima; vyaleta usingizi, kwa hiyo mama mwenye mimba au mwenye kunyonyesha na amwulize mwuza dawa kwanza.

Tumeulizwa mara nyingi habari ya sala. Vyombo vya kasi vya Unguja huchukua yapata saa mbili, na mtu aliyetoka Igunga ni msafiri. Ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, basi asali bandarini na apande na roho iliyotulia. Katika meli ya usiku, mathalani New Victoria ya Mwanza na Bukoba iliyorudi kazini mwaka 2020, sala ya faradhi husaliwa kwa kusimama, na asiyeweza kwa kizunguzungu au hofu ya kuanguka huketi. Mwulize baharia kaskazini ni wapi: kutoka Dar es Salaam Makka iko karibu kaskazini sawasawa, na kutoka Mwanza ni kaskazini ikiegemea mashariki kidogo. Meli ikigeuka nawe wasali, geuka kuelekea kibla.

Mizigo tutaisema kwa ufupi. Petroli na mtungi wa gesi usivichukue. Mifuko ya plastiki imekatazwa Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar kadhalika; chukua kikapu. Fedha na dawa zikae mwilini mwako, si katika sanduku lishushwalo chini.

Waendao Kigoma na wajue hili zaidi. Liemba, ile meli ya Wajerumani iliyozamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudishwa kazini mwaka 1927, imezoea kusimama kwa matengenezo muda mrefu. Usifunge safari kwa kusikia tu, ulizia kwanza. Na katika vijiji vingi vya ziwa lile hakuna gati: abiria hupanda na kushuka kwa mitumbwi ijayo ubavuni mwa meli, pengine usiku wa manane. Mzee na mwenye mtoto mgongoni wasikubali kusukumwa. Na mtoto ashushwe mkono kwa mkono, mtu mzima akiwa amekwisha kushuka kumpokea.

Mwisho ni kuwasili. Gati likionekana, watu wetu husimama wote wakakimbilia upande mmoja, kila mtu ataka kuwa wa kwanza. Na habari za Ukara zilisema kuwa ndivyo ilivyokuwa katika dakika za mwisho. Keti mahali pako mpaka kamba zifungwe na ngazi itiwe. Wachukuzi watakupokea kwa kelele; patana na mmoja bei kabla hajagusa sanduku, na umfuate nyuma, si umtangulie.