Jibu la Kipimo Lirudi kwa Mwenyewe

KILA siku wananchi wa ukanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita na Mbogwe, hufika hospitalini kutoa damu na makohozi ili wapimwe. Miongoni mwao wamo wachimbaji wadogo wa Mwakitolyo, Nyarugusu na Rwamgasa, ambao vumbi la mwamba huwaharibu mapafu na kukifungulia mlango kifua kikuu.

Katika vita dhidi ya maradhi, Taifa limepata silaha mpya mbili. Ya kwanza ni mashine za kisasa za maabara. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutambua vimelea vya kifua kikuu kwa muda wa saa mbili hivi, na hueleza kama vimelea hivyo ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Ya pili ni mfumo wa kompyuta wa GoT-HoMIS, uliosambazwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, katika vituo vya umma, ambamo daktari huandika agizo la kipimo bila karatasi.

Hata hivyo, silaha hizo zisipounganishwa hupungukiwa nguvu. Pale ambapo mashine haisemezani na mfumo, jibu husomwa kwenye kioo, likanakiliwa daftarini, kisha likachapwa upya katika kompyuta. Kila hatua hapo ni mlango wa kosa. Nukta ya desimali ikihama, mgonjwa wa upungufu wa damu huonekana mzima. Aidha, katika mikoa hii majina kama Masanja, Shija na Maganga yana wenyewe maelfu. Jibu la usugu likiandikwa kwa Masanja asiyehusika, huyo atameza dawa nzito kwa miezi kadhaa bila sababu, na Masanja mgonjwa atarudi shimoni kuwaambukiza wenzake. Mchimbaji naye hakai mahali pamoja: leo yuko Mgusu, wiki ijayo yuko Kakola. Jibu likichelewa, mwenyewe hapatikani tena.

Dawa ya tatizo hili ni namba. Agizo la daktari lizaliwe na namba yake ya pekee. Namba hiyo ibandikwe kwenye kichupa cha sampuli kwa kibandiko chenye mistari inayosomwa na mashine, tena ibandikwe mbele ya mgonjwa mwenyewe. Mashine ikiisoma, iulize mfumo ni kipimo gani kilichoagizwa, ikipime, na ilirudishe jibu chini ya namba ile ile. Mtaalamu wa maabara alikague na kuliidhinisha kabla daktari hajaliona, kwani mashine haina dhamana mbele ya mgonjwa. Mwenye dhamana ni binadamu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali ya duka inastahili hesabu ya namna hiyo, seuze afya ya mtu? Jibu la kipimo ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, si za kuzagaa mikononi mwa yeyote.

Kwa hiyo tunazihimiza halmashauri na Bohari ya Dawa kwamba mkataba wowote wa kununua au kukodi mashine ya maabara uwe na sharti la kuunganishwa na mfumo wa Serikali, na gharama yake ijulikane mapema. Mashine inayofungwa kwa siri ya muuzaji hutufanya wapangaji katika nyumba yetu wenyewe. Umeme nao hukatika. Betri za akiba na daftari la dharura vibaki, na namba ya agizo iandikwe humo pia.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Bima hiyo italipia vipimo vya wakulima, wafugaji na wachimbaji kwa fedha ya umma na ya wananchi wenyewe. Itakuwa dhuluma kulipia kipimo cha mtu mmoja na kumpa jibu la mwingine. Madiwani waliochaguliwa na wananchi, wanapokaa kupitisha bajeti, wasitosheke kuuliza mashine ngapi zimenunuliwa. Waulize pia ni ngapi zinazorudisha jibu kwa mwenyewe.