Hoja ijibiwe, matusi yaachwe

Wako watu wazima wengi wanaouona mchezo wa kompyuta kuwa upuuzi wa watoto, jambo lisilostahili nafasi katika ukurasa kama huu. Hata hivyo, ugomvi uliozuka mwezi Aprili 2015 baina ya wapenzi wa mchezo mmoja na mafundi waliokuwa wakiuboresha una funzo kwa mwalimu anayesahihisha insha, na kwa mwanafunzi anayerudishiwa insha hiyo ikiwa imejaa wino mwekundu. Swali lililoibuka katika ugomvi huo ni hili: mtu aliyeitoa kazi yake hadharani awajibu vipi wale wanaoishambulia?

Kwanza tueleze kinachozungumziwa. Kampuni inapouza mchezo wa kompyuta, aghalabu wachezaji wenye ujuzi huuongezea mambo mapya: mavazi, majumba, silaha, hata hadithi nzima ambazo mwenye mchezo hakuziwazia. Nyongeza ya namna hiyo huitwa modi. Tusiidharau. Counter-Strike, mojawapo ya michezo mashuhuri mno duniani, ilianza mwaka 1999 ikiwa modi iliyotengenezwa na vijana wawili juu ya mchezo wa Half-Life, kabla ya kampuni ya Valve kuichukua na kuwaajiri. Hapa kwetu nako wako vijana walioyavika mabasi ya mchezo wa Bus Simulator Indonesia rangi na michoro ya matatu za Nairobi. Kwa miaka mingi modi zilitolewa bure, na ujira wa fundi ulikuwa shukrani na sifa.

Mchezo uliozua ugomvi ni Skyrim, uliotolewa na kampuni ya Bethesda mwaka 2011 na ambao una modi maelfu kwa maelfu. Tarehe 23 Aprili 2015, Valve, ambayo ndiyo yenye duka la Steam, ilitangaza pamoja na Bethesda kwamba tangu siku hiyo mafundi wangeweza kuuza modi za Skyrim. Fundi angepata asilimia 25 ya bei, nayo asilimia 75 iliyosalia ingegawanywa baina ya kampuni hizo mbili. Siku nne tu baadaye, tarehe 27 Aprili, mpango mzima ulifutwa na wanunuzi wakarejeshewa fedha zao.

Ni nini kilichopita katika siku hizo nne? Ilipita hasira kubwa. Watu zaidi ya laki moja walitia saini hati ya kuupinga mpango huo. Mkuu wa Valve, Gabe Newell, alilazimika kujitokeza mwenyewe kujibu maswali ya wachezaji. Lakini tukiichambua hasira hiyo, twaona kwamba ilikuwa mito miwili iliyochanganya maji.

Mto wa kwanza ulikuwa wa hoja. Wachezaji waliuliza kwa nini mwenye kufanya kazi apate robo ya bei. Waliuliza nani mwenye haki ya kuuza modi iliyojengwa juu ya modi ya mtu mwingine, ambaye aliitoa bure na hakuombwa ruhusa. Waliuliza pia nani angemfidia mnunuzi iwapo modi aliyoinunua leo ingekataa kufanya kazi kesho, mchezo wenyewe ukishabadilishwa. Maswali hayo yalikuwa mazito na ya haki.

Mto wa pili ulikuwa wa matusi. Mafundi waliitwa walafi na wasaliti, na wengine walitishwa. Hao ndio watu ambao kwa miaka walikuwa wamewaburudisha wachezaji hao hao bila kuwadai hata senti. Si wao walioupanga mgawo wala kuliandika tangazo. Fimbo iliyokusudiwa kampuni iliwaangukia mafundi, kwa kuwa wao ndio waliokuwa karibu.

Mmoja wa mafundi hao alikuwa ameuza modi ya uvuvi wa samaki, ambayo ilitegemea kazi ya mwenzake kuhusu miondoko ya wahusika. Mwenzake hakuwa ameridhia kazi yake itumiwe katika biashara. Lawama zilimmiminikia fundi huyo kama mvua ya masika. Naye aliiondoa modi ile sokoni, kisha akaeleza hadharani jinsi mambo yalivyokuwa. Jibu lake lilielekea pale palipokuwa na hoja: haki ya mwenzake.

Mtu akishambuliwa, njia mbili humvutia. Ya kwanza ni kurudisha tusi kwa tusi. Ya pili ni kujifariji kwamba mradi anatukanwa, basi wapinzani wake hawana hoja. Njia hii ya pili ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu inafanana na subira. Ukweli ni kwamba mtu mwenye kinywa kichafu aweza kusema jambo la kweli. Modi ile ya uvuvi ilikuwa na kasoro ya ruhusa, na kasoro hiyo isingalitoweka ati kwa vile baadhi ya walioitaja hawakuwa na adabu.

Njia iliyo bora ni kupepeta. Natuchukue mfano wa sentensi ya kubuni: "Fundi huyu ni mwizi mlafi aliyeuza jasho la mwenzake." Ondoa neno "mwizi", ondoa neno "mlafi". Kinachosalia katika ungo ni madai kwamba ndani ya modi hiyo mna kazi ya mtu mwingine. Madai hayo yaweza kuchunguzwa, yakathibitishwa au yakakanushwa. Kwa hiyo yanastahili jibu. Sasa chukua sentensi nyingine: "Fundi huyu ni mjinga asiyefaa kitu." Ipepete uonavyo, hakuna punje inayobaki. Basi haina haja ya kujibiwa.

Yamkini msomaji atapinga kwamba hasira ile ndiyo iliyofua dafu, na kwamba laiti wachezaji wangalisema kwa upole, kampuni zisingaliwasikiliza. Pingamizi hilo lina uzito, maana wenye nguvu ni wagumu wa kusikia. Lakini tutofautishe sauti kubwa na sauti chafu. Saini laki moja ni sauti kubwa, na hazina tusi. Tena tutazame yaliyofuata. Mwaka 2017 Bethesda ilianzisha mpango mwingine wa kuuza nyongeza, uitwao Creation Club. Safari hii ilitoa sharti kwamba kazi ziwe mpya, si modi za zamani zilizowekewa bei, na mafundi walilipwa na kampuni kadiri kazi yao ilivyoendelea. Wako walioulaumu mpango huo pia. Hata hivyo, mtu hakosi kuona humo alama ya yale maswali ya mwaka 2015 kuhusu haki na ujira. Matusi hayakuacha alama yoyote humo. Na SkyUI, modi mashuhuri ya kurahisisha menyu za Skyrim, ambayo watengenezaji wake walilaumiwa vikali walipotangaza kuliuza toleo lake la tano, ilitolewa bure mwaka huo huo baada ya mpango kufutwa.

Shuleni jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Mwalimu anayeandika "upuuzi" pambizoni mwa insha hajamwachia mwanafunzi chochote cha kusahihisha. Anayeandika "aya hii haina ushahidi" amekuwa mkali vilevile, pengine mkali zaidi, lakini amemwonyesha mahali pa kutia jembe. Naye mwanafunzi aliyezoea kupokea neno la pili atajua kulitafuta hata pale atakapotupiwa la kwanza. Zoezi la kupepeta lawama laweza kufundishwa katika kipindi kimoja cha insha: wape wanafunzi maoni makali kumi, wayagawe yenye dai la kuchunguzwa na yasiyo nalo, kisha wayajibu yale ya kwanza peke yake.

Vijana wetu wanazidi kutengeneza vitu na kuvianika mbele ya walimwengu: nyimbo, filamu fupi, programu za simu, modi za michezo. Watakosolewa na watu wasiowajua, tena bila huruma. Wasipoandaliwa, wengine watavunjika moyo na kuiacha kazi, na wengine watakuwa sugu wasioambilika. Hasara zote mbili ni zetu. Tuwafunze mapema kuwa ungo umetengenezwa kutenga punje na makapi, na kwamba mwenye njaa ya kujifunza hatupi ungo mzima kwa kuchukia makapi.