MSIKITI ULIOUNGUA NDANI YA SIMU: TUCHUNGUZE KABLA YA KUSHUTUMU



 Leo tunaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtasema ni la kitoto. Tusomeni hadi mwisho, kisha mtuhukumu.

Likizo iliyopita, vijana wanne wa madrasa yetu hapa Bwera walikuwa wakijenga msikiti katika mchezo wa Minecraft, ule wa kupanga bloku moja juu ya nyingine. Walijenga kwa mbao, wakatandika mazulia ya sufi, na kwa kuwa walitaka mwanga mzuri wakaweka lava kwenye mashimo kando ya ukuta. Siku ya tatu walifungua simu wakakuta paa limekwisha na moto unaendelea. Mmoja wao ndiye aliyekuwa wa mwisho kuingia usiku uliotangulia. Basi wenzake wakamwambia, "Wewe ndiye uliyechoma msikiti." Akalia, akaacha kuja darasani siku mbili.

Wengine watacheka. Lakini sisi tunaoishi mpakani hapa hatucheki. Tangu usiku wa tarehe 16 Juni 2023, washambuliaji walipoingia shule ya sekondari ya Mpondwe Lhubiriha, wakachoma bweni la wavulana na kuua wanafunzi wengi, neno "amechoma" si neno la mzaha katika mji huu. Mtoto anayebandikwa neno hilo, hata kwa mchezo, amebandikwa jambo zito.

TULIVYOCHUNGUZA

Tuliwaita wote wanne, tukawakumbusha Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inayotuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Kisha tukawaambia: jengeni chumba kidogo kama kile, mbali na majengo mengine, wekeni lava palepale, mtoke, mngoje. Haikupita muda mrefu moto ukawaka wenyewe. Hapakuwa na mtu.

Hivi ndivyo moto wa mchezo huo unavyofanya kazi, na mzazi akijua haya atawasaidia watoto wake:

1. Lava huweza kuwasha mbao au sufi iliyo karibu bila kuigusa. Jiwe haliwaki. Anayetaka lava ndani ya nyumba na aizungushie mawe, na aache nafasi kubwa juu yake.

2. Moto hupanda kuliko unavyoshuka. Huweza kuruka hadi bloku nne kwenda juu, lakini pembeni na chini ni bloku moja tu. Ndiyo maana paa lilitangulia kuungua.

3. Mvua ya mchezo huzima moto ulio wazi kwa mbingu. Ulio chini ya paa hauguswi. Na jangwani mvua hainyeshi kabisa, hivyo asingoje mvua aliyejenga huko.

4. Radi ya mchezo nayo huweza kuwasha moto. Tangu mwaka 2021 kuna fimbo ya shaba inayovuta radi isipige jengo.

5. Kwenye mipangilio ya dunia ya mchezo mna sehemu ya kuzuia moto usienee, na nyingine ya kusimamisha mabadiliko ya hali ya hewa.

Wazazi wengi hukimbilia hiyo ya tano. Maoni yetu ni kwamba isiwe dawa ya kwanza. Kwa mtoto mdogo wa miaka sita, zimeni moto huo apumzike. Lakini kijana wa miaka kumi na mbili akizimiwa moto hajajifunza kwa nini msikiti uliungua, na yule aliyeshutumiwa anabaki na shutuma yake. Kilichomsafisha mwenzao ni kile chumba kidogo cha majaribio. Walimwomba radhi mbele yetu, wakajenga upya kwa mawe. Alhamdulillah.

MCHEZO USIPOSEMA KWELI

Hata hivyo tusidanganyane. Kuna mambo ambayo mchezo huu unayafundisha vibaya, na ni wajibu wetu kuyasahihisha.

Katika mchezo, ndoo ya maji huzima kila moto. Jikoni kwetu sivyo. Mafuta ya sambusa yakishika moto, ukimwagia maji yatalipuka na kukurukia. Funika sufuria kwa kifuniko na uondoe moto chini yake, kama unaweza kufanya hivyo bila kuungua. Na penye umeme usimwage maji kamwe.

Katika mchezo, fimbo ya shaba inatosha peke yake. Katika majengo yetu, kinga ya radi isiyounganishwa na ardhi kwa waya ni pambo tu. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, wakiwa darasani. Kamati za misikiti na madrasa zetu zijiulize: kinga yetu ipo? Na waya wake unafika ardhini?

Na katika mchezo, mvua hata inyeshe vipi, mto haufuriki. Watoto wa Kasese wanajua zaidi ya hapo. Mwezi Februari 2012 moto uliunguza mimea juu katika milima ya Rwenzori. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ukashuka na mawe na magogo, ukapita Kilembe hadi Kasese mjini. Watafiti waliochunguza mafuriko yale waliutaja moto wa mwaka uliotangulia miongoni mwa sababu, kwa kuwa mlima uliopoteza mimea hauwezi kuyashika maji. Mwezi Mei 2020 mto ukarudi, ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Moto wa juu ulisaidia kuleta maji ya chini, na hilo mchezo hauonyeshi. Mwonyesheni mtoto kwa kumpeleka ukingoni mwa Nyamwamba ayatazame mawe yale.

JE, NI SHIRKI "KULETA MVUA"?

Baadhi ya wazazi wametuuliza kama si shirki mtoto kuandika amri na mvua ikakoma. Kwa mtazamo wetu, ile si mvua, ni picha ya mvua, na mtoto anajua hivyo. Lakini tumfundishe adabu ya ulimi: aseme "nimebadilisha mchezo", asiseme "nimeleta mvua". Na mvua ya kweli ikianza kugonga mabati, simu iwekwe chini, isomwe dua aliyotufundisha Mtume (S.A.W.). Surat Ar-Ra'd, sura ya 13, imepewa jina la radi. Isomeni pamoja jioni ya ngurumo.

Tumalizie kwa agizo moja. Nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na wenyewe, na Mtume (S.A.W.) alipopata habari akaamrisha tuuzime moto kabla ya kulala. Basi kila kijana anayecheza mchezo huu tunampa kazi: usiku kabla ya kulala, yeye ndiye mkaguzi wa nyumba. Sigiri imezimwa na iko nje? Mshumaa umezimwa? Simu haichajiwi juu ya godoro? Akimaliza, amwambie mama.

Allah atulinde na moto wa dunia na wa akhera, azilinde familia zetu za Bwera na Kasese, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.